Kwa nini mikoa inayoilisha Tanzania ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, Wizara ya Kilimo ya Tanzania hufanya hesabu moja kubwa. Huchukua mazao yote ya chakula yaliyovunwa nchini, huyabadili kuwa tani za nafaka au zinazolingana na nafaka, kisha huzilinganisha na tani ambazo wananchi wanakadiriwa kuzihitaji hadi mavuno yajayo. Jibu likiwa chini ya asilimia 100, kuna uhaba. Kuanzia 100 hadi 119 nchi inajitosheleza, na kuanzia 120 kuna ziada. Kwa mwaka 2022/23 jibu lilikuwa asilimia 114, mwaka uliofuata 124, na 2024/25 likapanda hadi 128. Ni habari njema, na waliolima wanastahili pongezi.

Ipo hesabu ya pili. Hii hufanywa kila baada ya miaka kadhaa, nyumba kwa nyumba, kwa kibao chenye alama za sentimita. Mtoto wa chini ya miaka miwili analazwa juu yake, aliyezidi hapo anasimamishwa, halafu urefu wake unalinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa umri na jinsia yake. Aliyeachwa mbali sana na viwango hivyo huhesabiwa kuwa amedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, kwa asilimia 57. Nyuma yake wakafuatana Njombe na Rukwa, kila mmoja ukiwa na takriban asilimia 50.

Yeyote anayeijua biashara ya mahindi atasita hapo. Iringa na Rukwa, pamoja na Mbeya na Ruvuma, zimeitwa kwa miongo mingi mikoa minne mikubwa ya chakula, na Njombe yenyewe imetokana na Iringa. Magunia yanayoshuka Dar es Salaam na kuvuka mipaka hutoka huko. Wala mwaka 2022 haukuwa mkosi wa mara moja: utafiti wa lishe wa 2018 ulikuta Njombe ikiwa na asilimia 53.6, Rukwa 47.9 na Iringa 47.1.

Makala haya yanajaribu kueleza jinsi hesabu hizi mbili zinavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, katika kaya moja, juu ya sakafu iliyopangwa magunia. Nadhani jibu lake linaanzia kwenye kitu ambacho serikali imechagua kukihesabu.

Kwanza niondoe dhana moja inayosikika sana, kwamba watu wa huku ni wafupi tu kwa asili. Viwango vya urefu vinavyotumika vilitolewa mwaka 2006 baada ya kuwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri. Watoto hao, wa mabara tofauti na rangi tofauti, walikua karibu sawasawa katika miaka ya mwanzo. Ukoo una nafasi yake, lakini hauwezi kufupisha nusu ya watoto wa mkoa mzima kabla hawajatimiza miaka mitano. Na ufupi ni ile sehemu inayoonekana tu. Lishe inayozuia mfupa kurefuka huufikia pia ubongo, ambao hukua kwa kasi kuu tangu mimba hadi mwaka wa pili, zile siku 1,000 zinazotajwa kliniki. Binti aliyedumaa naye ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na mzunguko unaanza upya.

Hofu iliyozaa sera

Sera ya chakula ya Tanzania imetokana na hofu ya kweli. Katikati ya miaka ya 1970, ukame na misukosuko ya uzalishaji viliiacha nchi bila nafaka ya kutosha, ikalazimika kuagiza kwa wingi kutoka nje na kumaliza fedha zake za kigeni. Serikali iliyopitia hayo haikutaka kurudi tena pale. Ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima, ikawapa wakulima mbolea ya ruzuku, ikaanza kutunza akiba ya nafaka.

Bei moja ilibadili ramani ya kilimo. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na kwa hesabu ya usafiri mahindi ya huko yalipaswa kuwa ya mwisho kutafutwa. Lakini shirika la umma lilinunua kwa bei ileile ya karibu na mji, gharama ya lori ikabebwa na serikali. Mkulima yeyote mwenye akili angelima mahindi. Wafipa wa Rukwa, waliokuwa wakisifika kwa ulezi uliolimwa juu ya matuta ya nyasi zilizofukiwa, wakaona ulezi ukirudi nyuma. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine yoyote tunayoila, tena mara nyingi zaidi ya mahindi. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua kuuondoa kwenye bakuli la mtoto. Ilikuwa ni bei tu.

Bei moja ilikufa na mageuzi ya soko ya miaka ya 1980, ila mazoea ya kuitazama njaa kwa jicho la mahindi yakabaki. Vocha za pembejeo zilizoanza 2008 zililenga mahindi na mpunga. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka huohuo, hununua hasa mahindi, ukiongezea mtama na mpunga, na umejengewa vihenge vya kisasa katika maeneo kama Makambako, Songea na Sumbawanga. Na hofu ya upungufu ilipopanda, kama ilivyokuwa Juni 2017, amri iliyotoka ilikuwa kuzuia mahindi yasivuke mpaka. Bei shambani ikaporomoka, na aliyeumia ni mkulima yuleyule ambaye kaya yake ilihitaji fedha za dagaa, mafuta na dawa.

Sisemi kwamba akiba ya nafaka ni kosa. Kijiji kilichokaukiwa na mvua hakiwezi kulishwa kwa mihadhara ya lishe; kinahitaji gunia, na kinalihitaji leo. Shida ni kwamba chombo kilichotengenezwa kuzuia njaa ya kufa kimeendelea kutumika kama kipimo cha kushiba vizuri. Tangu mkutano wa dunia wa chakula wa Roma mwaka 1996, usalama wa chakula umeelezwa kwa nguzo nne: chakula kiwepo, kila mtu aweze kukipata, mwili uweze kukitumia, na hali hiyo idumu. Asilimia 128 inapima nguzo ya kwanza peke yake, na hata hiyo inaipima kwa nafaka.

Kikombe kimoja cha uji

Tuache mkoa, tuingie jikoni. Mtoto wa miezi minane mwenye kilo nane ana tumbo la ukubwa wa kikombe kimoja cha chai. Chochote anachohitaji kukulia lazima kipite kwenye kikombe hicho. Maziwa ya mama bado ni sehemu kubwa, lakini tangu miezi sita hayatoshi peke yake, hasa kwa madini ya chuma na zinki.

Sasa mimina uji wa mahindi. Ili mtoto aweze kuumeza, uji hufanywa mwepesi, na uji mwepesi ni maji yenye unga kidogo. Kikombe kinajaa, mtoto anatulia, mama anaamini ameshiba, na tumbo limejaa kweli. Kilichoingia ni nishati kidogo tu. Protini ya mahindi nayo ina upungufu wa lisini na triptofani, asidi za amino ambazo mwili wa mtoto hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Chuma na zinki zilizomo hushikwa na faiteti, kemikali ya asili ya nafaka inayozuia utumbo kuzifyonza. Na unga ukiwa sembe, kiini na pumba vimeshaondoka na sehemu kubwa ya vitamini zake.

Hakuna kasoro hata moja katika hizo isiyo na dawa ya nyumbani. Maharage yana lisini ambayo mahindi hayana. Kijiko cha karanga zilizosagwa huongeza mafuta, dagaa waliopondwa huleta protini, zinki na kalisi, dona hubakiza kiini. Ipo na kimea, ambayo kila mpika pombe anaijua: nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Kijiko chake kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kiasi, wanga huvunjika na uji hulainika bila kuongezwa maji. Kikombe kilekile kinabeba chakula zaidi. Watafiti wa Tanzania walilifanyia kazi jambo hilo tangu miaka ya 1980, na inaniuma kwamba hadi leo wapo akina mama wengi wanaotumia kimea kila wiki kwa pombe bila kuwahi kuambiwa inavyoweza kusaidia uji wa mtoto.

Lakini elimu peke yake haitoshi, na hapa ndipo mabango mengi ya lishe yanapomkosea mama. Mtoto wa miezi tisa na kuendelea anahitaji kulishwa mara tatu hadi nne kwa siku, na kitafunwa katikati. Nani atapika mara nne? Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na mambo yote mazito hudondokea humo: kupanda, kupalilia, ghala la mwaka jana kupungua, kuhara na malaria kuongezeka. Mama anaondoka alfajiri na jembe, mtoto mchanga mgongoni. Mkubwa wake anaachwa na kaka wa miaka saba na uji wa asubuhi uliopoa. Mvua zikikatika, kazi inahamia vinyunguni, kwenye mabonde yenye unyevu, ambako mboga na maharage hulimwa kiangazi. Anayefikiri mama huyo amekosa mapenzi au akili ya kulisha aende naye siku moja tu, toka kuni hadi maji hadi palizi.

Ziada nayo ina bei yake. Mahindi yanayoifanya Rukwa ing'are kwenye ripoti ni yale yaliyouzwa, na maharage, maziwa na mayai yana soko zuri kuliko yanavyothaminiwa jikoni. Parachichi za Njombe zinafika Ulaya. Fedha za mauzo mara nyingi hushikwa na baba, ilhali bakuli la mtoto ni jukumu la mama, na mifuko hiyo miwili haikutani kila siku. Utafiti wa 2015/16 ulionyesha kwamba hata katika kundi la kaya tajiri zaidi nchini, karibu mtoto 1 kati ya 5 alikuwa amedumaa. Kwa hiyo kipato husaidia, lakini hakitembei chenyewe hadi kwenye uji.

Kuna mengine yanayoshambulia kutoka upande wa afya. Njombe na Iringa zina maambukizi ya VVU ya juu kuliko mikoa yote ya bara, na kaya yenye mgonjwa hupoteza mikono ya kulima na ya kulea kwa pamoja. Maji machafu na kuhara kwa mara kwa mara huuchubua utumbo hadi chakula kizuri kikapita bila kufyonzwa. Na upo sumukuvu, unaotokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 uliua watu takriban 20 huko Dodoma na Manyara. Kwa dozi ndogo za kila siku hauui, lakini tafiti zimeuhusisha na watoto kutorefuka ipasavyo.

Shilingi elfu moja

Mtu akiuliza serikali imefanya nini kuhusu lishe, orodha si fupi. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo kwa sheria tangu 1973. Sera ya Chakula na Lishe ilitoka 1992. Mpango jumuishi wa lishe wa miaka mitano ulianza 2016/17, na wa pili ukafuata 2021/22. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na afisa lishe. Septemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alisaini na wakuu wa mikoa mkataba wa kusimamia shughuli za lishe hadi 2030. Na matunda yapo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa nchi walikuwa wamedumaa, 2010 walikuwa asilimia 42, sasa 30. Kwa kuwa idadi ya watu imeongezeka, asilimia hiyo bado ni karibu watoto milioni 3.

Tazama lakini mambo hayo yanavyogawanywa. Chakula kiko Wizara ya Kilimo. Lishe iko Wizara ya Afya. Afisa lishe yuko chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na uratibu wa wote uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Bajeti ya kilimo ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na waziri wake huulizwa bungeni kuhusu tani. Haulizwi kuhusu sentimita.

Halmashauri zimeagizwa kutenga, kutoka mapato yao ya ndani, shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Yenye watoto 40,000 inatenga milioni 40, na humo ndimo zinatoka safari za vijijini, vifaa na mikutano. Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Agosti 2022, mfuko wa DAP uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 120,000 ulishuka hadi 70,000. Ruzuku ya mfuko mmoja, kwa hiyo, ilitosha mgawo wa mwaka mzima wa watoto wasiopungua 50. Lishe hupata fedha nyingine pia, za serikali kuu na za wafadhili, na mbolea ni kitu chema. Ila ukiziweka namba hizo mbili mezani pamoja, unaona wapi moyo wa sera ulipo. Zaidi ya hapo, fedha iliyotengwa haitolewi yote kila mahali; ndiyo sababu mkataba ulikuja na kadi alama ya kuwapima viongozi.

Urutubishaji nao una pengo la aina hiyo. Kanuni za 2011 ziliwabana wenye viwanda vya unga wa ngano na mafuta ya kula waongeze virutubishi, na chumvi ilishawekewa sharti la madini joto tangu miaka ya 1990. Chumvi imefika mbali kwa sababu kila kaya huinunua. Unga wa ngano wa kiwandani haumfikii mtoto wa kijijini katika wilaya ya Kalambo, Rukwa, kwa kiwango hicho. Yeye anakula mahindi ya shamba lao, yaliyobebwa kichwani hadi mashine ya kusaga ya jirani. Vifaa vidogo vya kuchanganya virutubishi vimeanza kufungwa kwenye mashine za namna hiyo, na pale ndipo ningetaka ruzuku iende, kabla ya kiwanda kingine chochote.

Iringa ya 1983

Jambo linalonigusa kuliko yote ni kwamba Iringa iliwahi kuufundisha ulimwengu somo hili. Mwaka 1983 serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Kila mtoto alipimwa uzito hadharani, mara kwa mara, na wanakijiji wenyewe wakakaa na matokeo: mtoto huyu ameshuka, kwa nini? Hakuna chakula? Anaumwa? Hana wa kumlisha? Kisha wakaamua la kufanya kwa walichonacho, iwe kuanzisha mahali pa kulelea watoto wakati wa palizi au kumpunguzia mama mjamzito kazi. Katika vijiji hivyo, watoto wenye uzito pungufu walipungua kutoka takriban asilimia 56 hadi 38 ndani ya miaka minne hivi, na wenye hali mbaya sana wakapungua kwa zaidi ya nusu. Mchoro wa UNICEF wa 1990, unaoeleza kwamba lishe husimama juu ya chakula, matunzo na afya kwa pamoja, ulichotwa kwa sehemu kubwa kwenye uzoefu huo.

Mizani haikuleta chakula kipya. Ilileta hesabu mpya, iliyofanywa na watu walioweza kuchukua hatua kesho yake asubuhi. Fedha zilipopungua na msukumo wa kisiasa kulegea, vipimo vikawa karatasi za kupeleka wilayani, na kijiji kikaacha kujiuliza.

Vipande vya utaratibu ule bado vipo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inatakiwa kufanyika kila robo mwaka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kuingia kila nyumba. Ningependa matokeo ya siku hiyo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na mavuno, na Wizara ya Kilimo itoe asilimia yake ya utoshelevu kwa maharage, mboga, maziwa na samaki, kila kundi peke yake, mkoa kwa mkoa. Wakala wa hifadhi ukinunua maharage kwa ajili ya shule na hospitali, kama unavyonunua mahindi, mkulima atajua kwamba kuna mteja wa uhakika, kama babu yake alivyojua kwa mahindi. Na mafunzo ya ugani yamguse baba pia, maana mkutano wa lishe uliojaa akina mama pekee unamwacha nje mwenye fedha ya mavuno.

Mkataba wa mikoa unaisha 2030. Wengi wa watoto watakaotimiza miaka miwili mwaka huo watatungwa mimba mwaka 2027. Palizi la Januari itakayofuata, mama zao wengi watakuwa shambani, matumbo yao yakiwa makubwa, jua likiwa bado halijachomoza.